Kipimo Hakikuulizwa Hilo

Shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, Mombasa hadi Kampala, na mzigo ukitaka, hadi Kigali. Jumatano ya kwanza baada ya Idi ya mwaka 2020, tarehe 27 Mei, alirudi nyumbani Miritini mgongo ukimvunja, akaketi kula, akamwambia dada yangu pilau haina harufu. Dada alidhani anatafutwa ugomvi. Aliingia jikoni, akazitwanga karafuu chache, akamshikia puani kiganjani. Shemeji akavuta pumzi mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Hakusikia kitu. Wakatazamana, na bila kusemezana dada akawatoa watoto chumbani.

Siku tatu baadaye majibu ya kipimo cha korona yakaja: chanya. Alichukuliwa akapelekwa kwenye kituo cha kutengwa. Homa ilimshika siku sita, kisha ikamwachia. Siku ya kumi alimpigia dada simu kumwambia amesikia harufu ya dawa ya kupigia deki, na wote wawili wakalia. Katikati ya Juni, utaratibu wa kuuguzana nyumbani ulipoanza Kenya, aliruhusiwa kwenda kumalizia kwake. Siku hizo alikuwa mzima kabisa. Nilimwona kwa macho yangu akipandisha mtungi wa gesi ghorofa ya tatu bila kutweta.

Tarehe 15 Juni, siku ya 19 tangu augue, akaenda kupimwa ili apate cheti cha kuvukia mpaka. Chanya. Akapigiwa simu kama mgonjwa mpya, akaambiwa ajifungie upya. Tarehe 26 Juni, siku ya 30, akapimwa tena. Chanya. Tajiri wake alikuwa amekwisha kumpa lori dereva mwingine. Mwenye duka la chini aliweka bakuli la maji ya sabuni mlangoni, na dada akatakiwa atumbukize sarafu humo kabla hazijaguswa. Wanawe wakawa wanasubiri watoto wengine wamalize ndipo wakinge maji bombani.

Mtu aliyepona alifungwa nyumbani zaidi ya wiki tatu kwa ushahidi ambao haukuwa ushahidi wa jambo aliloshtakiwa nalo. Nawajua wengi, na baadhi yao wana shahada, wanaoamini mpaka leo kwamba alistahili. Hoja yao ni fupi na inaingia akilini upesi: kipimo kikisema chanya, virusi vimo, virusi vikiwamo, mtu anaambukiza, ajisikie mzima asijisikie, asiguse watu mpaka kipimo kiseme hasi. Dai la kwanza lina kasoro, la pili ni la uongo, na la tatu liliwanyang'anya watu riziki bila kumkinga mtu yeyote.

Tuanzie maabara, maana huko ndiko fumbo lilikofungwa. Kipimo kilichotumika mipakani na hospitalini wakati ule kinaitwa PCR. Aliyekibuni ni Mmarekani Kary Mullis, mwaka 1983, na miaka kumi baadaye akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kijiti cha pamba kinaingizwa puani hadi machozi yatoke. Kilichonaswa hapo kinatiwa kwenye mashine ambayo hupasha joto na kupoza, kupasha na kupoza, na kila mzunguko unarudufu kile kinachotafutwa: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, vinne vinane. Ikifika mizunguko 40, na kama hakuna kilichokwama njiani, kipande kimoja kimezaa nakala zaidi ya trilioni moja. Ndiyo maana kipimo hiki ni kikali mno. Hakuna kinachokipita kwa kunusa.

Lakini kinanusa nini hasa? Kirusi cha korona kina maelezo ya urithi yenye herufi karibu 30,000. PCR haizisomi zote. Inatafuta kipande kifupi, herufi mia moja hivi, katika sehemu moja au mbili. Ikikipata kipande hicho inasema chanya. Haina namna ya kujua kama herufi zilizobaki zipo, wala kama ganda la kirusi ni zima au limepasuka, wala kama kitu hicho kinaweza kuingia kwenye chembe ya mwili wa mtu mwingine kikazaana. Ukikuta magamba kwenye sinki utasema, na utakuwa umesema kweli, kwamba nyumba hii imepikwa samaki. Hutakwenda kutafuta ndoano.

Na magamba ya korona yanachelewa kuondoka. Ngozi laini ya ndani ya njia ya hewa huumizwa na ugonjwa, kisha mwili huijenga upya polepole, wiki baada ya wiki, ukiangusha chembe zilizokufa pamoja na mabaki yaliyomo ndani yake. Kijiti cha pamba kinayaokota mabaki hayo. Siku moja kinaokota, kesho kinakosa, keshokutwa kinaokota tena. Ndiyo sababu wapo walioambiwa hasi, wakafurahi, kisha chanya, nyumba nzima ikaingia kilio kwamba ugonjwa umerudi.

Wakorea walikutana na mkanganyiko huo mapema kuliko wengi wetu, na kinyume chetu walikwenda kuuchunguza. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2020 mamia ya watu waliokwisha kuruhusiwa hospitalini walirudi kuonekana chanya, na dunia nzima ikashtuka. Aprili mwaka huo Profesa Oh Myoung-don, aliyekuwa akiongoza kamati ya madaktari wa huko, akasema kinachopimwa ni vipande vya virusi vilivyokufa. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Korea Kusini haikuishia kwenye kauli. Iliwafuatilia watu 285 waliorudi kuwa chanya, ikawatafuta watu 790 waliokutana nao, na haikumpata hata mmoja aliyethibitika kuambukizwa nao. Ikachukua sampuli 108, ikajaribu kukuza virusi maabara. Zote 108 hazikuota kitu. Mei 2020 Korea ikaacha kuwafungia watu wa namna hiyo, ikaacha hata kuwadai kipimo cha pili warudipo kazini.

Wajerumani nao walikuwa wamekwisha kuona jambo hilo hilo huko Munich kwa wagonjwa tisa wa mwanzo kabisa nchini mwao. Tangu baada ya siku ya 8 ya dalili hawakufanikiwa kuotesha kirusi hata kimoja, ilhali PCR iliendelea kusema chanya. Singapore ikatoa msimamo wake 23 Mei 2020: baada ya siku ya 11 ya ugonjwa virusi havioteki tena. Mwaka huo haujaisha, wataalamu wakakusanya tafiti 79 pamoja, wakakuta mabaki ya kirusi hubaki katika pua na koo kwa wastani wa siku 17, na yupo aliyebaki nayo siku 83. Bali kirusi hai, chenye uwezo wa kumwingia mtu, hakikuonekana baada ya siku ya 9.

Na Shirika la Afya Duniani? Januari 2020, ugonjwa ukiwa haujulikani bado, lilishauri mgonjwa asiachiwe mpaka apone na apate majibu hasi mara mbili, yaliyopishana kwa angalau saa 24. Silaumu ushauri ule, maana aliye gizani hupapasa. Lakini taa ilipowaka shirika likabadilika, na tarehe ya kubadilika kwake naikumbuka kuliko siku yangu ya kuzaliwa: 27 Mei 2020. Siku ile ile shemeji alipokosa harufu ya karafuu, Geneva walikuwa wanaandika kwamba aliyeugua ahesabiwe siku kumi tangu dalili zianze, ziongezwe siku tatu nyingine asizokuwa na dalili, kisha aachiwe bila kupimwa tena. Kwa hesabu hiyo siku ya 13 shemeji alikuwa huru, na majibu chanya ya siku ya 19 na ya siku ya 30 hayakuwa na la kuongeza. Aliachiwa siku ya 41.

Wenzangu hunijibu kwamba haya ni mambo ya maabara kubwa, mpiga foleni wa mpakani Malaba angeyajuaje. Nalikataa jibu hilo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu jambo hili sisi tulilijua kabla ya Wakorea. Tulilijua kwa malaria. Ingia zahanati yoyote ya Kwale au Kilifi, mwulize muuguzi yule anayechoma kidole na kuweka tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka chenye mistari. Mtoto aliyemaliza dawa, homa imekwisha, anacheza uwanjani, ukimpima kwa kifaa kile baada ya wiki mbili kinaweza kutoa mistari miwili. Baada ya mwezi pia. Kifaa hakitafuti kimelea. Kinatafuta protini aliyoiacha kimelea kwenye damu, na protini hiyo haina haraka ya kuondoka. Muuguzi anajua. Mtoto akirudi na homa mpya, anamwandikia mama aende akapimwe kwa hadubini. Hampi mtoto dozi ya pili kwa sababu ya mstari, na hakuna duniani muuguzi aliyewahi kumfungia mtoto ndani kwa ajili ya mstari ule.

Kifua kikuu ni hivyo hivyo. Mashine ya GeneXpert iliyosambaa katika hospitali zetu ni ndugu wa damu wa PCR, inanusa vinasaba vya bakteria. Ni nzuri mno kumgundua mgonjwa. Akishaanza dawa hawaitumii kumfuatilia, kwa kuwa itaendelea kunusa bakteria waliokufa. Anaambiwa alete makohozi yakaangaliwe kwa hadubini, na penye mashaka yanaoteshwa. Miaka kadhaa kabla ya korona wahudumu wetu wa afya walikuwa wanatenganisha kila siku swali la "ameugua?" na swali la "bado anao ugonjwa?". Elimu ilikuwapo mikononi mwa watu wa mshahara mdogo, wenye koti jeupe lililofubaa. Janga likaja, tukawaweka kando, tukamkabidhi mamlaka askari wa geti mwenye karatasi.

Nafika kwenye hoja ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu waisemao huwa ni watu wema. Wanasema: basi iwe mabaki, iwe magamba, lakini tahadhari haina hasara. Kumzuia mtu siku chache zaidi ni bora kuliko kuruhusu mmoja akaua bibi wa watu.

Siku chache za nani? Dereva halipwi mshahara wa kukaa. Analipwa safari. Mwezi bila safari ni mwezi wa kukopa unga, na tajiri hamwekei mtu usukani. Dada yangu aliuza cherehani. Mwenye mshahara wa mwezi ofisini akisema tahadhari haina hasara, hasara ile imelipwa na mwingine, ndiyo maana haioni.

Tena haikuwa tahadhari. Korona huambukiza zaidi mwanzoni: siku mbili hivi kabla mtu hajajijua kwamba anaumwa, na siku chache baada ya hapo. Sasa tazama kanuni ya mpakani ilivyokaa. Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, 16 Mei 2020, ikaacha mizigo tu ipite na kila dereva apimwe. Uganda nayo ilikuwa inapima madereva Malaba na Busia. Foleni ya Malaba ikajivuta kilomita kadhaa wa kadhaa, watu wakilala chini ya malori, wakipika pamoja, wakioga kwa ndoo moja, wakingoja majibu. Baadaye ikakubaliwa cheti cha hasi kidumu siku 14. Maana yake ni kwamba aliyepimwa hasi Jumatatu, akaambukizwa Jumanne akingoja kwenye foleni hiyo hiyo, alivuka kihalali akiwa katika siku zake za hatari kuliko zote, na karatasi yake bado ina uhai. Aliyeugua mwezi uliopita, mwenye kinga mpya mwilini, asiye na kirusi hai hata kimoja, akarudishwa. Kwenye foleni nzima ya Malaba hapakuwa na mtu salama kuliko yule, na ndiye aliyerudishwa.

Na hofu ikazaa ilichozaa. Mei ile ile serikali ilipofunga Mji wa Kale hapa Mombasa na kuwaomba watu wajitokeze kupimwa, wengi walikaa ndani. Walisemwa sana redioni kwamba ni wabishi, hawana elimu. Mimi nina jamaa mle. Hawakuogopa kijiti cha pamba. Waliogopa kwamba ukishaandikwa chanya hujui utaandikwa lini vinginevyo, na hakuna mtu aliyewaambia kwamba kuna siku ya mwisho. Kifungo kisicho na tarehe humfanya mtu akimbie hata mahakama ya haki. Mipakani cheti bandia kikapata soko. Vifaa vya kupimia, vilivyokuwa vinagombaniwa dunia nzima, vikatumika kumpima aliyepona mara tatu, mara nne, huku mwenye homa ya jana akingoja zamu.

Ngoja niseme jambo moja ambalo hunipandisha hasira kila nikilikumbuka. Tarehe 26 Januari 2021 Marekani ilianza kudai kipimo hasi kwa kila anayeingia kwa ndege. Lakini iliweka mlango wa pili: aliyeugua ndani ya siku 90 angeweza kuonyesha majibu yake chanya pamoja na barua ya daktari kwamba amepona, akapanda ndege. Umoja wa Ulaya ulipoanzisha cheti chake 1 Julai 2021 ukafanya hivyo hivyo, aliyeugua anapewa cheti cha kupona kinachohesabika kuanzia siku ya 11 mpaka siku ya 180. Karatasi ile ile ya chanya, kwa abiria wa Frankfurt ilikuwa ruhusa ya kusafiri na kwa dereva wa Mariakani ilikuwa hukumu. Wakati huo huo vijana wetu waliokuwa wanakwenda kufanya kazi Dubai walidaiwa PCR hasi kabla ya kuruka, na aliyepona wiki tatu nyuma alikuwa akibahatisha kama kijiti kitaokota magamba au kitakosa. Wapo waliopoteza tiketi, na tiketi ya kijana wa kazi za Ghuba aghalabu ni deni la ukoo mzima.

Sasa nikiri yanayostahili kukiriwa, maana sitaki mtu ayachukue maneno haya akaenda nayo pasipofaa. Wapo watu ambao kirusi hai hukaa nao muda mrefu kweli. Ni wale ambao kinga yao imeporomoka. Marekani ziliripotiwa habari za mwanamke mwenye saratani ya damu ambaye virusi vyake viliota maabara hadi siku ya 70, na yeye mwenyewe hakuwa na dalili. Afrika Kusini mwanamke aliyekuwa na VVU visivyodhibitiwa kwa dawa alibaki na maambukizi siku 216. Kwetu, ambako wengi wanaishi na VVU, hilo si la kupuuza: mgonjwa wa namna hiyo anahitaji daktari anayemjua, anayempima zaidi ya mara moja na kumsimamia dawa zake. Lakini tazama, hata yeye hatambuliwi kwa karatasi ya PCR peke yake. Anatambuliwa kwa historia yake. Kuwafungia madereva wote kwa ajili yake ni kumkosa yeye na kuwaonea wao.

Pia kipimo cha haraka cha korona, kile cha kujipimia nyumbani kwa dakika 15, msikichanganye na PCR. Hiki si kikali, hakirudufu kitu, kinahitaji virusi vingi ndipo kioneshe mstari. Ndugu yako akiwa siku ya sita au ya nane, homa imekwisha lakini mstari bado umekolea, mwache ajitenge, avae barakoa, asiende kumsalimia bibi. Hapo mstari una maana, kwa sababu mara nyingi huendana na kirusi hai. Sina ugomvi na mwenye kuusikiliza. Ugomvi wangu ni na mwenye kuchukua jibu la PCR la wiki ya nne akalisoma kama mstari wa siku ya pili.

Kuna kundi lingine la kujibu, ambalo lilidhani niko upande wake. Ndugu hawa wakisikia kwamba mtu mzima alipimwa akaonekana chanya, hupiga makofi: si tuliwaambia vipimo ni uongo? Hapa Afrika Mashariki neno hilo lilipata mabawa 3 Mei 2020, Rais John Magufuli wa Tanzania alipoeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu zikarudi chanya. Toka siku ile, mwenye kuumwa aliyekataa kupimwa alikuwa na papai la kujikingia. Nimezika watu wa kundi hilo, na sitawasema vibaya. Lakini kesi ya shemeji yangu haiwapi ushindi. Kipimo cha siku ya 19 hakikumsingizia. Vipande vya kirusi vilikuwamo puani mwake, na mashine ilivikuta, ikasema. Aliyekosea ni aliyeisikia mashine ikisema "alipita hapa" akaandika kwenye daftari "yumo ndani". Mwenye kusema kipimo ni mungu na mwenye kusema kipimo ni mwongo wamekosea mahali pamoja: wote wanadhani kiliulizwa kama mtu huyu anaambukiza. Hakikuulizwa hilo, wala hakina jibu lake.

Shemeji aliniletea zile karatasi zake nizitazame. Nilizitandika mezani zote nne, nikazisoma kama mtu anayetafuta kosa la mkataba. Jina lake lilikuwapo, namba ya pasipoti, namba ya simu, jinsia, saa ya kuchukuliwa sampuli, saa ya majibu, mhuri wa bluu umewekwa upande. Hata namba ya lori ilikuwapo kwenye moja. Mahali pa kuandika siku alipoanza kuumwa hapakuwapo. Na hicho ndicho kitu kimoja ambacho mganga wa mpakani angekihitaji ili ajue anatazama mtu wa siku ya pili au wa siku ya 30. Hakigharimu shilingi. Hakihitaji mashine kutoka nje. Ni swali ambalo nyanya zetu humwuliza mgonjwa kabla hata hawajamgusa paji la uso: imekuanza lini?

Mtaniambia korona imepita, dharura ilitangazwa kwisha 5 Mei 2023, naamsha nini? Mpaka haujapita. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox kutangazwa Kenya alikutwa mpakani Taita Taveta, msafiri aliyekuwa anatoka Uganda kwenda Rwanda. Mwezi uliofuata dunia ikatangaza dharura nyingine, na madereva wakawa tena wa kwanza kunyooshewa vidole. Kila ugonjwa una tabia yake, na sidai kwamba kanuni ya korona itumike kote. Ebola ni kinyume chake: mtu aliyepona kabisa anaweza kubaki na kirusi hai mahali pasipoonekana, na wataalamu waliofuatilia vinasaba vya mlipuko wa Guinea wa mwaka 2021 walikuta umetokana na maambukizi ya miaka mitano na zaidi nyuma. Kwa ugonjwa ule mabaki si mabaki. Ndiyo maana nadai fomu iulize, na anayeisoma awe amefundishwa kipimo hiki kwa ugonjwa huu kinaona nini na hakioni nini. Muuguzi wa Kwale anaweza kuwafundisha asubuhi moja.

Na nadai tarehe ya mwisho iandikwe. Siku unayomwambia mtu ajitenge, mwandikie na siku ya kutoka. Mpe karatasi yenye tarehe hiyo, mhuri ule ule wa bluu, amwoneshe tajiri wake na mwenye duka. Mtu huvumilia kufungiwa akijua anahesabu kuelekea wapi.

Kipimo cha nne cha shemeji kilitoka 7 Julai 2020, siku Mombasa nzima ilipofunguliwa na watu wakaruhusiwa kutoka na kuingia. Hasi. Dada alipiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani, na jirani mmoja, mzazi wa watoto wale wa bombani, akaja na sahani ya mahamri. Nilimwuliza shemeji baadaye alijisikiaje siku ile alipopona.

"Kama jana yake," akasema.